Timu Changa Ikifungwa, Tumuulize na Mwalimu

Timu ya vijana wetu wa hapa Ntalikwa ikienda Tabora mjini ikarudi imefungwa, maneno yanaanza njiani. Vijana wavivu! Mwalimu wa timu aondoke! Hata sisi tumewahi kusema hivyo. Lakini mara chache tunauliza: mwalimu aliwapanga vipi? Na vijana hao wameanza lini kucheza pamoja?

Tutazame mfano wa Mtanzania mmoja, Hasheem Thabeet, aliyecheza mpira wa kikapu chuoni Marekani. Wengi wetu tumezoea mpira wa miguu na netiboli, basi tueleze kidogo. Katika kikapu kila timu huingiza wachezaji 5. Mpira hutupwa kwenye duara la chuma lenye wavu, lililo juu meta 3.05 kutoka chini. Mchezaji anaruhusiwa kukimbia huku akiudundisha mpira. Akifanya makosa 5 katika mchezo wa vyuo, anatolewa.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Urefu wake ni meta 2.21, maana yake milango mingi ya nyumba zetu angeingia ameinama. Lakini urefu si ufundi. Alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut.

Mwalimu wa timu pale alikuwa Jim Calhoun, mtu aliyekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1999 na 2004. Ila mwaka huohuo wa 2006 wachezaji wake 5 walichukuliwa na timu za kulipwa. Akabaki na vijana wadogo, wengi wao wageni kabisa.

Walianza kwa kushinda michezo 11 mfululizo, mingi wakiwa nyumbani na dhidi ya timu dhaifu. Watu wakafurahi. Kumbe kazi ilikuwa bado! Walipoingia kwenye ligi yao, katika michezo 16 walishinda 6 tu. Msimu ukaisha wakiwa wameshinda 17 na kushindwa 14, na mashindano makubwa ya vyuo hawakuitwa. Sisi tunaona michezo ile rahisi iliwapa vijana moyo, lakini haikuwaonyesha shida. Huku kwetu mwalimu huyo angefukuzwa siku hiyohiyo.

Mpango wake wa ulinzi ulikuwa wa maana. Thabeet alisimama karibu na kikapu, wenzake wakawabana wapinzani huko nje. Mpinzani akiponyoka, anakutana na mkono mrefu. Msimu ule wa kwanza Thabeet alizuia karibu mipira 4 kila mchezo. Lakini mpango wa namna hii unamtegemea mtu mmoja, na mtu huyo bado anajifunza. Kijana mgeni akidanganywa kidogo tu anaruka, anamgonga mwenziwe, anahesabiwa kosa. Makosa yakizidi, mwalimu lazima amkalishe kwenye benchi, na akikaa benchi, mlango uko wazi. Tena Calhoun alipenda timu inayokimbia. Timu changa ikikimbia sana, inapoteza mipira. Kuipunguzia mwendo nako kuna hasara yake, maana vijana hawatajifunza kukimbia.

Calhoun hakuutupa mpango wake, wala vijana hakuwatupa. Msimu wa pili walishinda 24 na kushindwa 9. Wakaitwa kwenye mashindano makubwa, wakatolewa mchezo wa kwanza tu na San Diego, baada ya mgawaji mpira wao, A.J. Price, kuumia goti.

Msimu wa 2008/2009, kadhaa wa vijana walewale wakiwa bado uwanjani, walishinda 31 na kushindwa 5. Walifika kwenye timu 4 za mwisho, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Wakati huo Thabeet alikuwa anafunga zaidi ya pointi 13 kila mchezo, na bado anazuia mipira 4. Juni 2009 timu ya Memphis ilimchagua awe wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wanaingia kikapu cha kulipwa Marekani.