Daftari lasema maji ni safi, kidonge chakana

Na Mwandishi Wetu

DAFTARI lilikuwa limening'inizwa kwa kamba ya katani kando ya tangi, na kalamu imefungwa papo hapo isije ikapotea. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa na tarakimu moja. Jumatatu 0.5. Jumanne 0.5. Jumatano 0.5. Nilifunua kurasa za nyuma. Mwezi mzima tarakimu ilikuwa ile ile, mwandiko ule ule.

"Umeona?" msimamizi wa kiwanda akaniuliza kwa fahari. "Hapa hatuchezi na maji."

Kiwanda hicho kidogo cha juisi ya maembe kiko katika mojawapo ya mitaa ya Nairobi, na wafanyakazi wake hawafiki ishirini. Nilikuwa nimekwenda kujionea jinsi inavyotengenezwa ile juisi ambayo watoto wetu hutiliwa mikobani wakienda shule. Niliandamana na rafiki yangu ambaye kazi yake ni kupima maji.

"Mzee, unaonaje tukipima ya leo pamoja nawe?" rafiki yangu akamwomba.

"Pima tu, binti yangu. Hatuna la kuficha."

Alikwenda kwenye mfereji wa mwisho kabisa, ule wa kusuuzia chupa. Akaufungua na kuyaacha maji yatiririke kwa dakika mbili hivi. Kisha akajaza kichupa cha kioo, akatumbukiza kidonge kidogo cheupe alichotoa mkobani mwake na kutikisa. Maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi mara moja. Haya yalibaki vivyo hivyo kama yalivyotoka mferejini.

"Labda kidonge kimeharibika," mzee akasema. Kidonge cha pili kikatiwa. Maji hayakubadilika.

Tukapanda ngazi hadi kwenye tangi lenyewe. Huko rangi ilionekana kwa mbali sana, ya kutiliwa shaka. Ndipo kijana anayejaza daftari alipoitwa. Alijikuna kichwa, akatazama chini, kisha akasema ukweli. Vidonge vya kupimia vilikuwa vimekwisha wiki nyingi zilizopita. Hakutaka kumsumbua mzee kwa jambo dogo kama hilo. Kila asubuhi alitia dawa kama alivyofundishwa, halafu akaandika tarakimu aliyoizoea.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kijana huyu hakuwa mwizi wala mvivu. Alifika kazini kabla ya wenzake wote na dawa aliitia kila siku. Kosa lake ni moja tu: aliamini kwamba kutia dawa ni sawa na maji kuwa salama.

Mlinzi wa njiani

Msomaji huenda akauliza: juisi si huchemshwa? Kwa nini basi tuhangaike na klorini?

Ni kweli juisi hupashwa moto. Lakini chupa husuuzwa kwa maji yasiyochemshwa, na maji hayo ndiyo ya mwisho kugusa chupa kabla ya juisi kumiminwa. Mikono ya wafanyakazi huoshwa kwa maji hayo, na vivyo hivyo meza, visu na mashine. Kikombe cha mfanyakazi mwenyewe hujazwa kwenye mfereji huo huo. Tena chupa au mkebe uliofungwa ukiwa moto unapopozwa, hewa iliyo ndani hunywea. Kifuniko kikiwa na ufa mdogo usioonekana kwa macho, maji ya kupozea huvutwa ndani pamoja na viini vyake.

Jambo hilo si la kubuni. Mwaka 1964, katika mji wa Aberdeen huko Uskoti, watu zaidi ya 400 walipatwa na homa ya matumbo. Uchunguzi ulielekeza lawama kwa mkebe wa nyama ya ng'ombe kutoka Argentina. Nyama ilikuwa imepikwa vizuri. Lakini mikebe ilipozwa kwa maji ya mto ambayo hayakutiwa klorini. Mkebe ulipofunguliwa dukani, mashine ya kukata nyama ilisambaza viini hadi kwenye nyama nyingine.

Hata hapa kwetu, mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliokula kwenye hafla katika hoteli za hadhi jijini Nairobi. Ugonjwa huu haubagui mwenye tai na asiye na tai.

Daftari la Walkerton

Hadithi ya daftari la kijana wetu ilinikumbusha mji mdogo wa Walkerton, katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Mji huo ulikuwa na wakazi 5,000 hivi. Mwezi wa Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa. Maji ya mvua yalibeba viini vya samadi ya ng'ombe hadi ndani ya kisima kimoja kifupi kilichokuwa karibu na shamba. Kisima hicho kilikuwa kikilisha mifereji ya mji.

Watu 7 walifariki na wengine zaidi ya 2,000 wakaugua. Wapo watoto ambao figo zao ziliathirika.

Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Dennis O'Connor ilifunua mambo ya kuhuzunisha. Wahudumu wa maji walitakiwa kupima klorini kila siku. Siku nyingi hawakupima. Waliandika tu 0.5 au 0.75 katika karatasi zao, tarakimu za kupendeza macho. Klorini waliyotia ilikuwa kidogo kuliko iliyohitajika, na viini viliimaliza. Tume ilisema kwamba lau wangepima kila siku kama ilivyowapasa, hatari ingejulikana mapema na madhara yangepungua sana.

La kushangaza zaidi ni kwamba wahudumu hao walikuwa wakiyanywa maji ya kisima yasiyotiwa dawa. Waliyaona matamu na masafi. Hawakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Walizoea tu.

Inayosalia ndiyo yenye maana

Sasa tueleze kidogo jinsi klorini inavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Klorini inapotiwa majini, sehemu yake huliwa na uchafu: matope, majani yaliyooza, kutu ya mabomba na viini vyenyewe. Inayobaki baada ya karamu hiyo ndiyo mlinzi. Ndiyo itakayoua kiini kitakachoingia baadaye kupitia bomba lililopasuka au mkono mchafu. Kwa hivyo swali si "umetia kiasi gani?" bali ni "kimesalia kiasi gani?"

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba baada ya klorini kukaa majini kwa angalau dakika 30, isalie miligramu 0.5 au zaidi kwa kila lita. Maji yanapofika kwenye mfereji wa mtumiaji, isipungue miligramu 0.2. Kiwango cha juu kabisa ambacho shirika hilo limeweka kwa maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita, ingawa wengi huanza kulalamikia ladha kabla ya kufika huko.

Tuchukue tangi la lita 5,000. Ukitaka kutia miligramu 2 kwa kila lita, unahitaji gramu 10 za klorini halisi. Poda yenye nguvu ya asilimia 65 itabidi iwe gramu 15 hivi, ambazo kwanza huyeyushwa katika ndoo ya maji. Dawa ya majimaji yenye asilimia 3.5 itakuwa chini kidogo ya mililita 300, na isiwe ile iliyotiwa manukato.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ni mwanzo tu. Maji ya jiji yanayotoka Ndakaini na Sasumua husafishwa na kutiwa klorini kabla hayajatufikia. Mgao unapoanza, maji hayo hulala tangini siku mbili tatu na klorini yake hupotea. Mfereji ukikauka kabisa, lori la maji huitwa, na pengine maji yake yana vumbi na matope. Gramu 15 zilizotosha Jumatatu huliwa zote Alhamisi. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwenye kiwanda tulichozuru. Lori lilikuwa limefika siku mbili kabla yetu.

Maadui wengine

Rafiki yangu alituzungusha kiwandani akitaja maadui wa klorini mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni matope. Viini hujificha ndani ya chembe za udongo. Maji yaliyovurugika sharti yatulie na kuchujwa kwanza.

Wa pili ni jua na joto. Mtungi wa dawa ulikuwa umewekwa juu ya paa la mabati. Dawa ya majimaji ikikaa hivyo hupoteza nguvu, na anayeipima kwa kikombe kile kile hana habari.

Wa tatu ni aina ya maji. Asidi ikiwa kidogo sana majini, yaani pH ikipanda hadi 8, ni kama robo tu ya klorini inayobaki katika hali yake kali ya kuua viini. Maji mengi ya visima huwa hivyo. Maji kama hayo huhitaji muda zaidi au klorini zaidi. Pia ieleweke kwamba klorini haiondoi madini ya floraidi yanayopatikana katika visima vingi nchini.

Wa nne ni chujio la makaa, ambalo wengi hulifunga ili kuondoa harufu ya dawa. Chujio hilo huondoa harufu pamoja na mlinzi. Bomba refu linalofuata hubaki bila ulinzi wowote. Likihitajika, liwekwe karibu kabisa na mahali maji yanapotumika.

Akatoa na onyo la hatari. Poda ya klorini ilikuwa kwenye rafu moja na asidi ya limau wanayotia kwenye juisi. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu. Siku hiyo hiyo poda ilihamishwa hadi chumba kingine kikavu, chenye hewa na kufuli.

Alimfundisha kijana jambo moja zaidi ambalo hata mimi sikulijua. Klorini ikizidi mno, huifuta ile rangi ya waridi na maji huonekana kana kwamba hayana dawa kabisa. Mtu asiyejua ataongeza nyingine. Kwa hivyo rangi isipoonekana, chukua maji kidogo uyachanganye na maji yasiyo na klorini, kisha upime tena kabla ya kuamua. Tulifanya hivyo. Maji ya kiwanda yalikuwa hayana kitu.

Mzee hakubishana. Alisimamisha mashine na chupa zilizosuuzwa asubuhi hiyo zikarudishwa kuoshwa upya. Tangi lilimwagwa, likasuguliwa, likajazwa maji yenye klorini kali ya miligramu 50 kwa lita. Yaliachwa humo na ndani ya mabomba usiku kucha, kisha yakamwagwa. Hasara ilikuwa ya siku mbili za kazi. "Bora hasara ya juisi kuliko ya mtoto wa mtu," alisema.

Sheria nayo iko upande huo. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kutayarisha chakula katika mazingira machafu. Lakini mkaguzi huja mara chache, ilhali maji hutiririka kila siku.

Wapo wanaohofia kwamba klorini yenyewe huleta maradhi. Ni kweli kwamba ikikutana na uchafu wa majani na mimea hutengeneza kemikali zinazochunguzwa na wataalamu. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba hatari hiyo ni ndogo likilinganishwa na balaa la maji yasiyotiwa dawa. Dawa ya hofu hiyo ni kuchuja maji kwanza, si kuacha klorini.

Nyumbani nako

Na wewe msomaji unayehifadhi maji kwenye madebe na matangi ya ploti usidhani hadithi hii ni ya viwanda pekee. Maji yakikaa siku nyingi, usiyahesabu kuwa yana dawa. Tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, funika, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Usiteke kwa kikombe ambacho kila mtu hutumbukiza mkono.

Nilirudi kwenye kiwanda kile baada ya majuma sita, safari hii bila kuaga. Daftari lilikuwa pale pale kwenye kamba yake, lakini sasa lilikuwa na safu mbili: tangini na mfereji wa mwisho. Tarakimu zilipanda na kushuka. 0.6 na 0.4. 0.5 na 0.3. Siku moja lori lilifika, na kijana aliandika 0.0, kisha akaongeza kwa herufi kubwa: TUMESIMAMISHA MASHINE. Chini yake, saa mbili baadaye, 0.5.

Mzee alinikaribisha chupa ya juisi. Safari ya kwanza nilikuwa nimesingizia kwamba nimeshiba. Mara hii, baada ya kuiona ile 0.0, niliinywa yote.