MFUGE KIWAVI UMJUE

Mvua zinapoanza katika Meru na Embu, mwezi wa Machi na tena mwezi wa Oktoba, mahindi huchipua, na wadudu huja pamoja nayo. Mkulima akiona majani yametobolewa huuliza, "Viwavi hawa wametoka wapi?" Wako wanaodhani kwamba huzaliwa na umande au na uchafu. Sivyo. Kila kiwavi ametoka katika yai la nondo au la kipepeo, na akipona atakuwa kama mama yake.

Hata watu wa Ulaya walidhani zamani kwamba funza huzaliwa na nyama iliyooza. Mwaka 1668 bwana mmoja wa Italia, Francesco Redi, alitia nyama katika vyombo, vingine akavifunika kwa kitambaa chepesi. Nyama iliyofunikwa haikuota funza, maana nzi hawakuifikia. Na katika nchi ya Ujerumani, Maria Sibylla Merian alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa na umri wa miaka 13, mwaka 1660. Alichora kila badiliko aliloliona, na mwaka 1679 akatoa kitabu chake cha viwavi. Hakuna alichotumia ambacho mtoto wa shule wa Nkubu au Runyenjes hawezi kupata.

Twaa chupa pana ya kioo. Tia ndani udongo mkavukavu wa kina cha vidole vitatu. Funika mdomo kwa kitambaa chepesi, ukifunge kwa uzi au mpira, ili hewa ipite lakini mdudu asitoke. Weka chupa kivulini, maana jua litamwua. Kila siku mpe jani bichi la mhindi lisilotiwa dawa, na uondoe la jana pamoja na kinyesi, kisije kikaleta ukungu. Usimshike kwa mkono kiwavi mwenye manyoya, kwa sababu wengine huwasha sana.

Sasa nenda shambani, ufunue moyo wa mhindi. Ukiona kinyesi kama unga wa mbao, huenda ukamkuta kiwavi jeshi vamizi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika. Alionekana mara ya kwanza katika Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 akaingia Kenya. Mtambue kwa alama mfano wa herufi Y iliyopinduliwa katika uso wake, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Weka mmoja tu katika kila chupa. Ukiweka wawili watalana.

Utamwona akijivua ngozi mara kwa mara, na kila ajivuapo huzidi kula. Penye joto, muda wa wiki mbili hadi tatu huwa ametosha, naye huingia katika udongo na kugeuka bundo la rangi ya kahawia, asiyekula wala kutembea. Baada ya siku nane au tisa hutoka nondo. Kwenye miteremko yenye baridi ya Mlima Kenya, mambo haya huchukua siku nyingi zaidi. Nondo akitoka, mwue. Usimfungulie, kwani nondo jike mmoja aweza kutaga mayai mamia.

Lakini si kila chupa itatoa nondo. Pengine kiwavi ataacha kula, kisha utaona karibu naye kifukofuko cheupe kama punje ya mchele. Siku chache baadaye atatoka humo nyigu mdogo kuliko mbu. Mama wa nyigu huyu alitaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wake akamla kiwavi kutoka ndani. Nyigu huyu hadhuru mtu wala mmea. Yeye ni mtumishi wa mkulima asiyedai mshahara. Basi mfungulie aende shambani. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo: huokota viwavi, huwafuga, na kutazama kitakachotoka. Kituo cha icipe cha Nairobi, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilileta nyigu wa namna hii kutoka Asia, na mwaka 1993 wakafunguliwa katika pwani ya Kenya ili wapigane na kiwavi mtoboa mabua aliyetoka huko huko Asia.

Hii ndiyo faida kubwa ya chupa. Mtu anyunyiziaye dawa bila kutazama aweza kuua nyigu pamoja na viwavi, na msimu ujao viwavi wakarudi bila adui. Tena chupa humfundisha wakati. Kiwavi mkubwa aliyejificha katika moyo wa mhindi ni vigumu dawa kumfikia, naye ndiye alaye zaidi. Kwa hiyo yafaa kukagua shamba mapema, mahindi yakiwa bado machanga, na kuponda mayai na viwavi wadogo kwa mkono.

Baada ya mavuno pasua bua kavu. Huenda ukamkuta mtoboa mabua wa nchi za juu amelala, akingoja mvua. Mabua yakiachwa yamesimama shambani, adui wa msimu ujao amepewa nyumba. Wape ng'ombe, au yakatwe vipande vidogo.

Andika katika daftari tarehe ya kila badiliko. Fuga viwavi kumi kutoka shamba moja, uhesabu wangapi wametoa nondo na wangapi nyigu. Kisha mpelekee Bwana Shamba daftari hilo kabla ya kununua dawa. Huenda shauri lake likakuokolea fedha, na mahindi pia.