Mama apumue, jiko litulie

Msomaji mpenzi, tuseme Krismasi imekaribia nawe umefunga safari na watoto kwenda kumwona susu huko Nunguni. Mmeiacha barabara kuu ya Mombasa, gari linapanda milima ya Kilungu, na kadiri mnavyopanda ndivyo kila mtu anavyotafuta sweta lake. Mnapofika, baridi inawasukuma nyote jikoni. Humo mna mafiga matatu, sufuria ya muthokoi inayotokota tangu asubuhi, na mlango uliofungwa ili joto lisitoke. Haupiti muda watoto wa mjini wanakohoa huku machozi yakiwatiririka, nawe unawaambia watoke nje wakacheze. Je, susu naye atatoka saa ngapi?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaoletewa chai sebuleni huona moshi wa jikoni kuwa jambo la kawaida. Tumemnunulia mama tangi la maji, televisheni na hata makochi mapya, lakini paa la jikoni mwake lingali jeusi kwa masizi. Leo tuzungumzie kofia ya moshi, yaani bati lililokunjwa mfano wa faneli iliyopinduliwa, likaning'inizwa juu ya jiko ili kuukusanya moshi na kuutoa nje kwa bomba.

MADHARA YAKE

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza umri wa miaka mitano. Watoto huuawa zaidi na nimonia. Watu wazima huandamwa na maradhi ya mapafu, moyo na kiharusi, na wapishi wengi hupata ugonjwa wa mtoto wa jicho.

Hapa kwetu, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen waliwachunguza watu 345 wa nyumba 55 huko Mpala, Laikipia. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet, nayo yalionyesha kwamba kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi ndivyo alivyougua kifua mara nyingi zaidi. Waliovuta mwingi kuliko wote ni akina mama na wasichana, kwani wao ndio wanaoinamia moto.

KOFIA ISIYOTUMIA STIMA

Kati ya mwaka 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilishirikiana na akina mama wa Kajiado na wa magharibi mwa Kenya kutafuta dawa ya tatizo hili. Mojawapo ya majibu yao lilikuwa kofia ya bati. Katika nyumba za Kajiado zilizowekewa kofia hizo, moshi ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Kofia hii haina feni. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda yenyewe na kuubeba moshi pamoja nayo. Kwa sababu hiyo haipigi kelele, na stima ikipotea yenyewe huendelea na kazi. Fundi yeyote mzuri wa jua kali anaweza kuitengeneza, mradi azingatie mambo haya:

Kwanza, bati liwe tambarare na zito kiasi, kwani bati jembamba hupinda kwa joto na kugongagonga upepo ukivuma.

Pili, mdomo wa kofia uwe mpana kuliko jiko, upite ukingo wa moto kwa nusu futi hivi kila upande. Jiko likikaa ukutani, moshi hupata njia chache za kutorokea.

Tatu, msipime kimo bila mpishi. Mwombe susu aketi kwenye kigoda chake, akoroge, aepue sufuria, kisha ainuke. Kofia ishuke kadiri inavyowezekana bila kumgonga kichwa.

Nne, bomba lisiwe jembamba. Kwa moto wa kuni lisipungue inchi nane kwa upana. Lipande moja kwa moja bila kona, lipite kilele cha paa kwa futi mbili hivi, na juu yake pawe na kifuniko cha kuzuia mvua. Kama paa ni la nyasi, au kuna mbao karibu, bomba litengwe nazo kabisa, la sivyo mtaepuka moshi na kuunguza nyumba.

Tano, acheni tundu la hewa karibu na sakafu. Kofia haiwezi kutoa hewa ikiwa hakuna nyingine inayoingia. Na masizi yakwanguliwe mara kwa mara, kwani bomba lililoziba huurudisha moshi ndani.

SUSU AKIKATAA

Usishangae susu akikataa. Anao ushahidi wake. Moshi ndio uliokuwa ukifukuza wadudu katika mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya moto, ukalinda pia miti ya paa dhidi ya mchwa. Tena katika baridi ya Kilungu, nani atakubali joto lake lipelekwe nje kwa bomba?

Usimjibu kwa kiburi cha mjini. Mbegu zikikauka vyema zinaweza kuhifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa. Kuhusu joto, ni kweli kiasi fulani kitapotea, lakini bati likishapata moto nalo hupasha chumba. Isitoshe, siku hizi mlango hufunguliwa kila moshi unapozidi, na baridi yote ikaingia. Mwache aione kwa jirani kwanza, kisha aamue mwenyewe. Jiko ni lake.

NA WEWE WA MJINI

Huenda unasema, "Mimi napikia gesi, hayo hayanihusu." Lakini harufu ya samaki wa kukaanga iko hadi chumba cha kulala, na ukuta juu ya jiko umejaa mafuta. Huku mjini kofia ya feni hufaa, ila wengi huinunua kisha wakaizima kwa sababu ya kelele.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Zikiongezeka kumi, sikio huona kama kelele imekuwa maradufu, kwa hiyo usidharau tofauti ndogo ya tarakimu zilizoandikwa kwenye katoni. Chagua feni yenye nguvu kuliko unavyohitaji, uiendeshe polepole. Feni ndogo inayokimbizwa hadi mwisho ndiyo hupiga mayowe.

Hata feni nzuri huharibiwa na ufungaji mbaya. Bomba liwe laini kwa ndani, upana wake usipungue ule wa tundu la feni, na kona ziwe chache. Kofia ikazwe kwenye ukuta imara ili isitetemeke. Kimo chake aghalabu ni sentimita 65 hadi 75 juu ya jiko, nalo jiko la gesi huhitaji kimo kikubwa zaidi. Fuata kijitabu cha kiwanda, na umwite fundi wa umeme mwenye leseni. Kama umepanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa ukuta, wala usielekeze bomba kwenye dirisha la jirani. Kisha osha chujio kwa maji moto na sabuni, kwani likijaa mafuta feni hulalamika.

Zipo pia kofia zinazochuja hewa kwa mkaa na kuirudisha jikoni. Hizo hupunguza harufu na mafuta, lakini hazitoi mvuke wala gesi ya sumu.

ONYO

Msiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, iwe Nunguni au Nairobi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Wala feni isitumiwe pamoja na jiko la makaa, kwani katika chumba kilichofungwa yaweza kuivuta sumu hiyo kuelekea kwenu badala ya kuitoa.

Basi msomaji, kabla ya kufunga safari ya Krismasi hii, fikiri tena kuhusu zawadi. Vitenge susu anavyo. Chukua futi ya kupimia, ingia jikoni mwake, keti naye hadi muthokoi uive, bila kutoka nje. Macho yako yakianza kuwasha, utajua ni zawadi gani aliyoikosa miaka yote hii.