Kisu cha Mora na Namna ya Kukinoa



Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Lakini wako wanunuao kisu chema wakakiua wenyewe kwa kukinoa vibaya.

Visu vya Mora, mji wa Uswidi, vina sifa kubwa kwa kazi za msituni. Mwaka 1891 Frost-Erik Erson alifungua huko kiwanda cha magari yasiyo magurudumu, ya kuburura magogo juu ya theluji, na visu navyo vikatengenezwa humo.

Ubavu wa kisu hicho umechongwa mteremko mmoja tu, mpana, mpaka kwenye makali. Basi kukinoa ni kuulaza mteremko wote juu ya jiwe lililorowa, upande huu kisha ule, sawasawa. Ukikiinua mgongo unatia mteremko wa pili, na hakitachonga mti kama kwanza.

Ni kisu cha kuchonga mipini na vigingi, si cha kufyeka. Makali yake membamba yakigonga kitu kigumu hupata mapengo. Tena, kama si cha chuma kisichoshika kutu, hewa yetu ya chumvi itakila. Kifute, kipake mafuta ya nazi, wala usikitie alani kingali na maji.

Katibu