Kifuniko cha Mashine ya Mashua na Namna ya Kukitengeneza Kikipasuka

Katika pwani ya Kenya, tangu Vanga hata Lamu, na katika Ziwa Viktoria, tangu Kisumu hata visiwa vya Rusinga na Mfangano, wavuvi na wachukuzi wengi hutumia mashine ya petroli inayofungwa nyuma ya chombo, nje ya tezi. Mashine hiyo hutunzwa kwa mafuta mazuri na plagi mpya, walakini kifuniko chake cha juu hudharauliwa. Kikipasuka, wengine hukifunga kwa mpira wa ndani wa gurudumu, na wengine hukiweka kando kabisa wakaendesha mashine ikiwa wazi. Desturi hiyo ina hatari. Yafaa sababu yake ielezwe, na pia namna ambavyo mtu mwenye vyombo vichache vya kazi aweza kukitengeneza kifuniko kwa gharama ndogo.

KAZI YA KIFUNIKO

Mashine za kwanza za namna hii hazikuwa na kifuniko. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza mashine zake mjini Milwaukee mwaka 1909, na gurudumu zito la juu lilikuwa wazi, likizungushwa kwa mkono ili mashine iwake. Mashine za siku hizi ni kitu kingine. Zimeundwa kwa kutegemea kifuniko, nacho kina kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuzuia maji. Chini ya kifuniko mna waya za plagi, koili na kabureta. Maji ya chumvi yakifika penye waya, cheche hupotea, na mashine huzimika. Tena mara nyingi huzimika mahali pabaya, kama vile kilangoni mwa mwamba wakati wa kusi, kwa kuwa hapo ndipo mawimbi hurukia tezi. Chombo kisicho na tanga wala makasia ya akiba kikizimikiwa hapo, huchukuliwa na mkondo na kutupwa mwambani au bahari kuu. Hata maji yasipoizima mashine siku hiyo, chumvi hubaki na kuendelea kula chuma polepole.

Kazi ya pili ni kupitisha hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji hewa ya kadiri ya kilo 15 ili iungue vizuri. Hewa hiyo huingia kwa matundu yaliyo katika kifuniko, mara nyingi upande wa nyuma, na ndani yake mna kikingio cha kutenga matone ya maji. Kwa hiyo mtu anayeziba matundu hayo kwa kudhani kwamba anazuia maji huinyima mashine pumzi yake.

Kazi ya tatu ni kumkinga mtu. Gurudumu la juu huweza kuzunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika. Likinasa ncha ya shuka, kamba au kidole, hakuna nafasi ya kujinasua.

KUJUA KIMEFANYWA KWA NINI

Kabla ya kununua kitu chochote, fundi na aijue asili ya kifuniko. Vya zamani vingi ni vya aluminiamu, na ufa wake hutengenezwa na mchomeaji anayeijua kazi ya aluminiamu. Vingine ni vya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini. Vingine tena ni vya plastiki tupu.

Ili kutofautisha faiba na plastiki, sehemu ndogo ya ndani isuguliwe kwa msasa. Faiba hutoa vumbi kavu, na penye ufa nyuzi huonekana. Plastiki hutoa vipande laini vilivyojikunja. Jambo hili ni la maana sana, kwa sababu resini haishikamani vyema na plastiki nyingi. Kiraka kitaonekana kizuri juma moja, kisha kitabanduka kama gamba.

KUTENGENEZA KIFUNIKO CHA FAIBA

Kwanza kifuniko kioshwe kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi, kikaushwe kabisa, na mpira wa ukingoni na vifungio viondolewe. Vipande vilivyovunjika visitupwe, maana ndivyo vitakavyoonyesha umbo la asili.

Pili, kila ncha ya ufa itobolewe kwa keekee tundu dogo la milimita 3. Ufa usipozuiwa hivyo huendelea kutambaa kwa mtikisiko wa mashine, hata chini ya kiraka kipya. Kisha vipande virudishwe mahali pake na kushikizwa upande wa nje kwa utepe wa gundi. Pakiwa na pengo, kadibodi iliyofunikwa kwa karatasi ya nailoni ibandikwe nje iwe kama kalibu.

Tatu, kiraka huwekwa upande wa ndani, kwa maana huko ndiko nguvu inakohitajiwa. Mahali pasuguliwe kwa msasa wa namba 80 mpaka pang'ae pote pasiwepo tena, sentimita 5 kila upande wa ufa, kisha papanguswe kwa kitambaa chenye asetoni.

Nne, ichanganywe resini. Resini ya poliesta ndiyo rahisi, lakini epoksi hushika vizuri zaidi juu ya faiba ya zamani. Poliesta hutiwa dawa ya kugandisha kadiri ya sehemu 1 mpaka 2 kwa kila sehemu 100; epoksi huchanganywa sawasawa na maandishi ya kopo lake. Watu wengi huongeza dawa wakitaka kazi iishe upesi. Hilo ni kosa, kwa maana resini hupata moto, hupasuka, na hata hutoa moshi. Afadhali kuchanganya kidogo kidogo, kazi ifanywe kivulini, na jua liwe limepungua.

Tano, resini ipakwe kwa brashi, na juu yake kiwekwe kipande cha nyuzi za kioo, kisha resini tena, mpaka tabaka zifike 2 au 3, kila moja kubwa kidogo kuliko iliyotangulia. Mapovu yote yasukumwe nje kwa brashi, kwa sababu povu lililobaki ni mwanzo wa ufa mwingine. Kazi iachwe siku nzima. Baadaye ufa wa nje uchimbwe kidogo, ujazwe lahamu ya resini, na usuguliwe kwa msasa wa namba 120, kisha 240, kisha 400, ndipo upakwe rangi.

Kifuniko cha plastiki hufuata njia nyingine. Ufa hutobolewa matundu pande mbili na kushonwa kwa mshipi imara wa nailoni. Ndani hufungwa kibati chembamba cha aluminiamu kwa ribiti, na mwanya hujazwa silikoni. Hakitapendeza kama kipya, lakini kitazuia maji.

HADHARI

Dawa ya kugandisha poliesta ikimrukia mtu jichoni yaweza kumpofusha. Jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali. Resini nyingine huuzwa pamoja na dawa ya pili ya kuhimiza. Dawa hizo mbili zisikutanishwe zenyewe kamwe, maana zaweza kulipuka. Moja huchanganywa kwanza na resini, na ikiisha kuenea ndipo ya pili hutiwa. Kazi yote ifanyike mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara, na fundi avae miwani, glavu na kitambaa cha kufunika pua wakati wa kusugua.

KUJARIBU KABLA YA KWENDA MAJINI

Kiraka kinene chaweza kugusa gurudumu. Basi vidonge vya udongo laini vibandikwe ndani ya kiraka, kifuniko kifungwe, kisha kifunguliwe. Kidonge kilichobanwa kitaonyesha nafasi iliyobaki. Waya za plagi zikiwa zimechomolewa, mashine izungushwe kwa mkono ili kuhakikisha kwamba hakuna kinachokwaruza.

Mpira wa ukingoni nao ujaribiwe. Ukingo wa chini upakwe chaki, kifuniko kifungwe na kufunguliwa. Chaki ikionekana juu ya mpira pande zote, mpira unabana. Palipo bila chaki ndipo maji yatakapoingia, kwa maana hapo mpira haukugusa. Mwisho, mashine ikiwa imezimwa, maji ya ndoo moja yamwagwe taratibu juu ya kifuniko, na ndani patazamwe.

Nyufa nyingi huzaliwa nchi kavu. Mashine hushikwa kwa kifuniko inapochukuliwa nyumbani jioni, au hulazwa juu ya mawe, au nanga hutupwa juu yake. Jua kali nalo huidhoofisha plastiki. Gunia la kuikinga, mahali laini pa kuilaza, na kifungio kinachofunga sawasawa vitaondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo.

Kifuniko kipya mara nyingi huagizwa kutoka ng'ambo kwa bei kubwa, na siku za kukingoja ni siku za kuvua zinazopotea. Kiraka ni kazi ya siku mbili. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mtu wa baharini, ufa usiozibwa waweza kumgharimu si kifuniko tu, bali mashine, chombo, na watu waliomo.