Gari la mbio au gari la anasa? Jibu tulilipata Maungu

Msomaji mpenzi, ukitoka Mombasa kuelekea Nairobi, ukapita Mackinnon Road penye ule msikiti na kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli, hutakwenda sana kabla ya kuifikia Maungu. Ni mji mdogo wa Taita Taveta, karibu kilomita 30 kabla ya Voi. Madereva wa malori hulala hapo, chai haikatiki usiku wala mchana, na jua lake halina huruma.

Lakini Maungu ina jambo moja ambalo miji mikubwa haina. Magari mengi yanayoshushwa Kilindini kwenda bara hupita mbele ya vibanda vyake, yale ya Nairobi na yale ya Uganda na Rwanda. Atakaye kujua walimwengu wapenda magari gani, na akae hapo tangu adhuhuri hadi magharibi. Atayaona mapya na makuukuu, ya fahari na ya kazi, na mengine yakivutwa kwa kamba.

Mimi nilifika hapo kwa ajili ya mpwa wangu. Kijana huyu amefanya kazi Ghuba miaka sita, akijinyima, na sasa amerudi na akiba yake. Mamake alitaka anunue kiwanja. Yeye alisema atanunua gari kwanza, maana kazi aliyoipata ni ya kwenda na kurudi Voi kila wiki. Moyo wake ulikuwa umegawika baina ya magari mawili, yote yametumika. Moja ni Subaru Impreza la mbio, mali ya mwalimu mmoja wa Voi. La pili ni Mercedes la daraja la E, mali ya mfanyabiashara wa Mombasa ambaye mimi husimama naye safu moja msikitini.

Tukapatana hivi: sisi tutalijaribu Mercedes kwa safari, na mwalimu ateremke na Subaru lake, tukutane Maungu kwa fundi mmoja mzee wa Kitaita anayefanya kazi chini ya mwarobaini.

Nakiri, msomaji, kwamba nilipofika Maungu nilikuwa nimekwisha kuchagua. Mtu wa umri wangu, mgongo ukimsumbua, akikalishwa juu ya kiti cha ngozi, vioo vimefungwa, malori yanapita asisikie ila mvumo mdogo, hana haja ya hoja nyingine. Njia nzima nilikuwa nikimwambia kijana, "Mwanangu, hili ndilo gari." Naye hujibu, "Ni kweli mjomba, lakini hili ni la kuendeshwa, si la kuendesha."

Neno hilo lina maana. Gari la anasa hutengenezwa ili abiria aisahau barabara. Mlango ni mzito, springi ni laini, na kelele zimezibwa. Gari la mbio hutengenezwa ili dereva aisikie barabara mikononi mwake. Limekaa chini, springi zake ni ngumu, usukani huitika upesi, na mara nyingi lina turbo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. La kwanza hukuuzia raha na heshima. La pili hukuuzia damu moto. Ndiyo maana baada ya uhuru watu wetu waliwatungia wakubwa jina la Wabenzi, na ndiyo maana vijana wa leo wakisikia mngurumo wa Subaru hugeuza shingo.

Mabishano haya si ya leo. Mwaka 1979 nilikuwa mtoto wa chuoni, na siku za Pasaka redio ya barazani haikuzimwa kwa sababu ya mbio za Safari, zile zilizoanzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka huo walikuja Mercedes na gari la 450 SLC, pana, lenye silinda nane na injini ya lita tano, gari ambalo tajiri angeliendea harusini. Upande wa pili palikuwa na Datsun 160J, gari dogo lisilo makuu. Wazee wa baraza walilishika Mercedes, kwani lilikwisha kushinda Safari mwaka 1959, 1960 na 1961. Sisi watoto tukalishika Datsun.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na Datsun. Hannu Mikkola wa Ufini akawa wa pili na Mercedes. Mehta akashinda tena mwaka 1980, 1981 na 1982, juu ya ule ushindi wake wa 1973. Na Porsche 911, ambalo ni gari la mbio hasa, lilikuwa la pili mwaka 1974 nyuma ya Mitsubishi Lancer la Joginder Singh, na la pili tena mwaka 1978 nyuma ya Peugeot 504. Barabara zetu hazikuuliza jina wala bei. Ziliuliza ni gari gani litafika.

Subaru Impreza nalo lilikuja kushinda Safari mwaka 1997 likiwa na Colin McRae, na mwaka 2000 likiwa na Richard Burns. Mpwa wangu alikuwa bado mdogo, lakini mapenzi yake yametoka huko.

Basi tukafika Maungu. Mwalimu alikuwa amekwisha fika. Nilidhani fundi atalipanda Subaru na kuliendesha kwa kishindo. Hakufanya hivyo. Alisema gari limetoka Voi likiwa moto, na injini ya moto huficha mengi, kwa hiyo lipoe kwanza. Tukaenda kuswali alasiri.

Tuliporudi alifungua boneti, akatazama maji, akachomoa kijiti cha oili akainusa. Akaliwasha, akasimama nyuma kutazama moshi. Alitueleza kwamba moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia pasipo pake. Akapitisha kiganja juu ya tairi zote nne, kwani tairi iliyolika upande mmoja yaweza kuwa ni dalili ya gari lililopinda kwa ajali.

Hapo mwalimu akatoa daftari. Ndani yake ameandika kila siku aliyobadilisha oili, kila mkanda aliofunga, na kilomita zilizokuwa kwenye mita. Akasema bila kuulizwa, "Injini hii iliwahi kufunguliwa, risiti hizi hapa. Turbo ni nzima, lakini ukitoka mbio ndefu usilizime papo hapo, liache lipumue kidogo. Na klachi imechoka. Ukinunua, utaibadilisha."

Kisha ikawa zamu ya Mercedes. Mita ilisoma kilomita 68,000. Fundi hakuitazama. Aliinama akatazama kanyagio la breki, mpira wake umelika mpaka alama hazionekani. Akaugusa usukani, ngozi yake imesuguka ikang'aa. Akatazama ukingo wa kiti cha dereva, umelegea kama mto wa zamani. Kisha akachomeka kile kikompyuta chake cha kusomea magari, maana gari kama hili lina visanduku vingi vya umeme, na baadhi yake huweka hesabu ya safari kila kimoja peke yake. Kimoja kikasoma zaidi ya kilomita 190,000.

Sote tukanyamaza. Fundi akafuta mikono, akasema, "Wazee, kila gari hufichwa ila pale linapojisifia. La mbio hujisifia nguvu, basi tafuta ila kwenye injini, klachi na turbo. La anasa hujisifia upya na raha, basi tafuta kwenye mita, kwenye umeme na kwenye kukaa kwake." Akaongeza kwamba baadhi ya magari ya anasa hukalia mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mifuko hiyo ikizeeka huvuja, asubuhi ukaliona gari limelala chini kama ngamia, na bei ya kuiinua yatosha kununua gari dogo.

Msomaji, sisi tuliosomeshwa vyuoni tunaijua mas'ala hii tangu utotoni. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuyaweka yaliyolowa juu, watu wayaone, na akamtoa mwenye kughushi katika kundi lake. Mafakihi wetu nao wakampa mnunuzi khiyari: akiona ila iliyokuwapo kabla ya kununua, naye hakuambiwa, ana haki ya kurudisha. Mita iliyorudishwa nyuma ina tofauti gani na chakula kilichololowa chini?

Usiku ule tulilirudisha Mercedes Mombasa. Mwenyewe alipoulizwa habari ya mita alisema, "Ndivyo nilivyolinunua." Huenda ni kweli. Lakini hakuuliza ni kilomita ngapi tulizoziona, wala hakutaka kuuona ushahidi. Kijana akampa ufunguo, akamwambia, "Ahsante, ami." Jumaa iliyofuata tulisimama tena safu moja, yeye na mimi, na sikujua nimtazame vipi.

Siku kumi baadaye mpwa wangu alikwenda Voi. Mwalimu alimpunguzia kadiri ya bei ya klachi. Subaru lile linakula mafuta, linatingisha mgongo wangu, na kila tuta la njiani ninalihesabu. Kile kiti cha ngozi bado nakikumbuka. Lakini kila wiki gari linafika.

Kwa atakaye kununua, nasema haya machache. Gari linaloletwa kutoka nje ili lisajiliwe Kenya lisizidi miaka minane, basi ukiuziwa "jipya kutoka Japani" hesabu miaka yake. Huko Japani magari ya mnadani hupewa karatasi ya daraja, na herufi R maana yake limetengenezwa baada ya ajali, basi idai karatasi hiyo. Hakikisha jina la muuzaji ndilo lililo kwenye hati za gari. Chukua fundi wako, si wa muuzaji. Na usitoe fedha zako zote katika bei, kwani gari kuukuu hununuliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mwenyewe, mara ya pili kwa fundi.

Nami naliaga kwa ubeti huu:

Gari si rangi na taa, wala si jina la kwao,
Wangapi walihadaa, wakauza ila zao,
Mnunuzi akakaa, njiani pasi mafao,
Uliza kabla ya baa, fedha hairudi tena.