Kutoka Ukutani hadi Ubaoni: Nakshi za Imigongo za Rwanda na Suala la Ulinzi wa Ruwaza

1.0 Utangulizi

Nakshi za ndani ya nyumba aghalabu huchukuliwa kuwa pambo tu. Makala haya yanafafanua imigongo, nakshi za kijiometri za mashariki mwa Rwanda, na kuonesha kuwa ruwaza zake hazitenganishiki na namna uso wake unavyotengenezwa. Hoja hiyo ina uzito kisera: ulinzi wa mchoro peke yake huuacha nje ujuzi wa mafundi.

2.0 Chimbuko na Utengenezaji

Imigongo ni wingi wa umugongo, neno la Kinyarwanda lenye asili moja na mgongo wa Kiswahili. Linarejelea matuta yaliyoinuka, ambayo ndiyo msingi wa sanaa hii. Mapokeo yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanza kupamba hivyo kuta za ndani. Gisaka ulikuwa ufalme wa kusini-mashariki, uliomezwa na ufalme wa Rwanda katika karne ya 19. Kazi yenyewe imekuwa hasa mikononi mwa wanawake.

Fundi huchanganya kinyesi cha ndama na majivu, ambayo husaidia kuzuia wadudu. Huchora mistari, kisha huinua matuta kwa vidole akiifuata. Yakikauka, huyalainisha na kuyapaka rangi: nyekundu ya udongo, nyeupe ya kaolini, na nyeusi itokanayo na utomvu wa shubiri, majivu ya maganda ya ndizi na tunda la umutobotobo. Hivyo hupatikana pembetatu, maumbo ya almasi, mizunguko na mistari ya kupindapinda. Kwa kuwa matuta yameinuka, mwanga wa pembeni hutupa vivuli, na sura ya ukuta hubadilika kadiri siku inavyosonga.

3.0 Mabadiliko ya Uso

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalikaribia kuizima sanaa hii. Nyarubuye, mojawapo ya vitovu vyake, palikuwa mahali pa mauaji makubwa. Baadaye wanawake wa eneo hilo waliifufua kupitia ushirika uliopewa jina la Kakira. Nakshi zikahama kutoka ukutani hadi kwenye ubao unaobebeka na kuuzika. Leo ruwaza hizohizo huchapishwa pia kwenye vitambaa na bidhaa nyingine.

Mihamo hii miwili haifanani. Ubao umehifadhi tuta, na pamoja nalo kidole cha fundi. Chapa huhifadhi mstari tu. Haihitaji kinyesi, majivu wala mwanamke wa Nyarubuye.

4.0 Athari kwa Sera

Pembetatu na mistari ya kupindapinda ni mali ya wote. Husukwa pia kwenye vikapu na mikeka ya jamii nyingi. Ni vigumu jamii moja kudai haki juu yake. Kinachoweza kutambulishwa bila utata ni mchakato: malighafi, tuta na mahali. Itifaki ya Swakopmund ya ARIPO, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2015, inahusu maarifa ya jadi pamoja na sanaa-jadi, na Rwanda imeiridhia. Upeo huo unaruhusu kulinda utengenezaji sambamba na umbo.

5.0 Hitimisho

Kumbukumbu za urithi zinazokusanya picha za ruwaza bila kueleza utengenezaji wake zitahifadhi kivuli cha imigongo. Inafaa uwekaji kumbukumbu uanze kwa mafundi wenyewe, na utumiaji wa ruwaza kibiashara uwarejeshee sehemu ya kipato.